Njia ya Mabehewa ya Udongo

Kazi ya kukunja shuka za hospitali haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake pembe mbili, wanavuta mpaka shuka ipige kama kofi, kisha wanasogeleana, wanakutana katikati, wanaachana tena. Dobi na mwenzake walifanya hivyo miaka mingi mpaka watu wa jikoni na wa maabara wakawaita Pacha, ingawa mmoja alikuwa mrefu mwembamba, na mwingine mfupi mwenye kicheko cha kuamsha wagonjwa. Yule mwenye kicheko ndiye aliyekufa.

Alikuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli baada ya zamu. Hospitali iko mji wa juu, nao wote wawili walikaa mji wa chini, na kati ya miji hiyo palikuwa na barabara moja tu, nyembamba, kona juu ya kona, upande huu mlima, upande ule korongo. Malori ya kokoto yalishuka hapo yakikoroma. Mtembea kwa miguu akisikia honi alijibana kwenye majani na kumwomba Mungu. Mwendesha baiskeli hakuwa na pa kujibana. Dereva wa lori lililomgonga aliapa kwamba hakumwona, na pengine alisema kweli, maana kona ile haimwonyeshi mtu kitu mpaka awe ameshafika.

Kesho yake Dobi alikwenda kazini kama kawaida, kwa kuwa hakujua la kufanya nyumbani. Kabla ya chai, mhudumu wa chumba cha maiti alisukuma kitoroli cha shuka chafu, akakiacha mlangoni bila kumtazama usoni. Ya juu kabisa ndiyo iliyomfunika mwenzake. Hakuna aliyemwambia, lakini mle ndani usiku ule alilala mtu mmoja tu. Dobi aliisuuza kwa maji baridi kwanza, kwa sababu damu ikikutana na maji ya moto haitoki tena. Akaitia sabuni, akaitia klorini, akaianika. Ilipokauka aliikunja peke yake juu ya meza, ikatoka mshazari, akaiacha hivyo hivyo.

Dobi hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu. Mdomo wake ulikuwa mzito, na akilazimishwa kuongea aliangalia mikono yake, iliyochubuliwa na dawa mpaka ngozi ya vidole ikawa laini kama ya mtoto. Lakini baada ya mazishi alianza kwenda ofisi ya diwani. Mara nyingi alifuatana na shemeji yake, yaani mume wa marehemu, aliyekuwa fundi wa pancha. Walikaa kwenye benchi la ukutani, yeye na harufu yake ya klorini, shemeji na harufu yake ya gundi. Mhudumu wa ofisi akiwaona alichungulia ndani na kusema, "Mheshimiwa, shuka zimekuja."

"Mama, kupanua barabara ile si kazi ya leo na kesho," diwani alimwambia mara ya kwanza. "Mlima ule atauvunja nani?"

"Sisemi mpanue barabara," Dobi alijibu, akiangalia mikono yake. "Nasema njia ya mabehewa."

Diwani hakujua njia ya mabehewa ni nini. Ilibidi aelezwe. Zamani mji wa juu ulikuwa na kiwanda cha matofali, na udongo wake ulichimbwa bondeni, mji wa chini, ukapandishwa kwa reli ndogo yenye mabehewa ya kumwaga. Kiwanda kilipokufa vyuma viling'olewa vikauzwa chakavu, tuta likaachiwa vichaka na nyoka. Dobi alilijua kwa sababu baba yake alikuwa mchoma matofali, na yeye mwenyewe alizaliwa huko juu kwenye nyumba za kampuni, safu ya vyumba viwiliviwili vilivyobomolewa siku nyingi. Tuta lile liliuzunguka mlima polepole, mbali na malori, likatokea nyuma ya hospitali. Mtu angeweza kutembea hapo au kuendesha baiskeli bila kukutana na gari hata moja.

Waliambiwa wasubiri kikao. Wakaambiwa wasubiri mhandisi, kisha bajeti, kisha uchaguzi upite. Uchaguzi ukapita na diwani akaondoka nao, akaja mwingine asiyejua njia ya mabehewa ni nini, wakaanza upya. Shemeji aliwahi kusema kwamba benchi lile limeshawazoea makalio, wakifa wazikwe nalo. Dobi hakucheka, lakini kesho yake alirudi.

Mwishowe njia ilijengwa. Vichaka vilifyekwa, changarawe ikamwagwa na kushindiliwa, vijito vikawekewa makaravati mapya ya kupitishia maji chini ya njia, na kila mwisho zikasimikwa nguzo za zege za kuzuia pikipiki. Siku ya uzinduzi walisifiwa diwani na mhandisi. Dobi alikuwa kazini, wodi ya watoto ilikuwa na ugonjwa wa kuhara na shuka zilikuwa zimefika dirishani.

Aliipita mara ya kwanza alfajiri iliyofuata. Kila baada ya hatua chache aligeuka nyuma kwa mazoea, akitafuta taa za lori. Hapakuwa na kitu. Alisikia viatu vyake mwenyewe vikikanyaga changarawe, sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika safari ile. Alifikiri juu ya mwenzake na baiskeli yake, akasimama kidogo, kisha akaendelea kwa sababu zamu haingoji.

Nyumbani Dobi aliishi na mama yake. Na mume wake walikuwa wameachana zamani, hawakujaliwa mtoto. Yeye na mama walikuwa na chumba na sebule, ua mdogo wenye kamba za nguo, na geti la bati ambalo kitasa chake kilikuwa waya tu. Mama alikuwa ameanza kutorokwa na akili. Alitia chumvi mara mbili, au hakutia. Alimwita Dobi "mdogo wangu," akidhani ni mama mdogo aliyefariki kitambo. Mchana, Dobi akiwa kazini, mshonaji wa chumba cha jirani alimtupia jicho huku mguu ukiwa kwenye cherehani, na kazi haikuwa ngumu, kwa sababu mama hakutoka nje ya geti. Barabara ya malori ilipita mbele ya nyumba, naye aliiogopa kama moto. Akisikia breki zinalia huko nje alijikunja na kuziba masikio. Ni baadaye sana ndipo Dobi alipoona kwamba miaka yote ile barabara ndiyo iliyokuwa kufuli ya mama yake.

Jumapili moja alimshika mkono, wakapita vichochoro vya nyuma mpaka kwenye njia mpya. Alitaka tu apunge upepo. Mama alipofika kwenye tuta alisimama, akalitazama huku na huku.

"Nani ameng'oa vyuma?" akauliza.

"Viling'olewa zamani, mama."

"Sasa udongo unapandaje?"

Mama alianza kutembea, na Dobi akagundua kwamba anapiga hatua fupi fupi zinazolingana, akikanyaga mataruma, yale magogo ya kulalia reli, ambayo hayakuwepo. Hakujikwaa. Alizungumza njia nzima. Alisimulia jinsi alivyokuwa akimpelekea mumewe chakula cha mchana kiwandani, na jinsi msukuma mabehewa mmoja alivyokuwa akimtania kila siku, "Bi mdogo, panda nikusukume," mpaka baba akaja kumsubiri yule mtu kwenye karavati na tofali mkononi.

"Akampiga?" Dobi aliuliza.

"Wapi. Wakaishia kuvuta sigara," mama akasema, akacheka. Dobi alikuwa hajasikia kisa kile maisha yake yote.

Tangu siku hiyo, kila Dobi akitoka kazini walikwenda kutembea mpaka jua lizame. Mama alianza kulala usiku kucha. Alianza kumaliza chakula. Watu wa njia ile walimzoea, wanafunzi, wauza mboga, wafanyakazi wa viwandani wenye baiskeli, wakampa jina la Bibi wa Reli. Alimsalimia kila mtu. "Hamjambo wanangu? Behewa limeshapita?" Nao wakamjibu, "Limeshapita bibi, tembea tu."

Kisha akaanza kutoka peke yake. Mshonaji akiinama kutafuta sindano, akiinuka anakuta geti wazi. Mara zote alirudishwa salama. Fundi mmoja alimleta amempakia nyuma ya baiskeli kama bibi harusi, na mama akashuka akiwa amenuna kwa sababu alikatizwa safari.

Kaka yake Dobi alipopata habari alifika siku ile ile. Alikuwa fundi wa majokofu mji wa juu, mkubwa wa kuzaliwa, mtu mwema mwenye haraka, ambaye kila kazi aliyoishika ilikuwa imechelewa na nyingine ilikuwa inamngoja. Alikagua geti, akautikisa waya.

"Hiki nini? Hiki si kitasa. Weka kufuli."

"Kaka, hawezi kukaa amefungiwa kutwa nzima."

"Alikuwa hatoki."

"Alikuwa hatoki kwa sababu anaogopa. Sasa haogopi. Umemwona alivyo? Juzi amekutaja kwa jina lako la utotoni."

Kaka aliuachia waya, maana mama alikuwa ameshaacha kumtaja yeye kwa jina lolote. Kisha akasema, "Siku akidondoka kwenye kijito utaniambia kuhusu majina."

Kufuli aliliweka mwenyewe, jipya, la shaba. Dobi hakubishana. Lakini siku zilizofuata mshonaji alimweleza kwamba mama anashinda getini, anatikisa bati, anawaita wapita njia wamfungulie. Jioni moja Dobi alimkuta amekaa chini, vidole vimechanika kwa makali ya bati, analia bila sauti. Alimwosha mikono kwa maji ya uvuguvugu, akaifunga vitambaa. Kisha akaenda kulitoa lile kufuli. Alilitupa kwenye debe la vyuma uani, na kaka hakuambiwa.

Aliomba msaada kwa wenye njia. Alisimama penye nguzo za zege, na mdomo wake mzito ule ule, akawaambia wapanda baiskeli mmoja mmoja kwamba wakimwona bibi peke yake wamgeuze arudi. Walikubali, na kwa muda mambo yalikwenda. Mshonaji alikuwa akisema bibi analindwa kuliko benki.

Masika yalipoingia, mama alibadilika tena. Alianza kufunga bakuli tupu kwenye kitambaa na kusema amechelewa, mume wake hajala. Alitembea haraka zaidi na kuongea kidogo. Siku moja ya mawingu mazito mshonaji alimpelekea mteja gauni la kujaribu, mtaa wa pili tu. Aliporudi geti lilikuwa wazi. Alitafuta vichochoroni, akaenda mpaka kwenye nguzo, mvua ikamrudisha. Alijua bibi huwa anarudishwa. Alikaa kusubiri.

Watu wengi walimwona mama siku ile. Hilo ndilo jambo ambalo Dobi alikuja kulisikia mpaka masikio yakamuuma. "Nilimwona, akanisalimia vizuri tu." "Nilimwona, nikadhani uko nyuma yake." Mvua ilikuwa inaanza, kila mtu anakimbilia kwake, na bibi alikuwa mchangamfu, amebeba chakula, anatembea kama mtu anayejua aendako. Hakuna aliyeona sababu ya kumsimamisha. Alipita nyuma ya uzio wa hospitali, hatua chache kutoka chumba cha kufulia ambako binti yake alikuwa akikunja shuka na msichana mgeni aliyeajiriwa mwaka ule. Akaingia mji wa juu.

Dobi alirudi kwa njia ile ile na mwavuli, asikutane naye. Akamkuta mshonaji getini, ameloa, peke yake. Hakumgombeza. Aligeuka akarudi alikotoka, safari hii akikimbia, akiita kila penye karavati. Maji yalikuwa yamejaa, yanavuma, naye akachungulia chini kila mara.

Aliyempata mama si Dobi. Ni mtunza ghala la saruji, aliyetoka kufunga milango kabla giza halijaingia. Ghala lile limejengwa pale zilipokuwa nyumba za kampuni. Mama alikuwa amekaa ameegemea ukuta, bakuli mapajani limejaa maji ya mvua. Mtunza ghala alimfunika gunia kavu, akampeleka hospitali kwa toroli la mifuko. Dobi alipofika wodini mama alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

"Nimegonga sana," alimwambia. "Hawafungui."

"Wametoka kidogo, mama. Watakuja."

"Chakula kimepoa."

Homa ya mapafu ilimshika usiku ule. Dobi aliomba ruhusa, lakini alishuka chumba cha kufulia kila shuka za mama zilipobadilishwa, akazifua yeye, akazipiga pasi, akapanda nazo zikiwa bado na joto, kwa sababu hapakuwa na jingine ambalo mikono yake ilijua kulifanya. Madaktari walijitahidi. Mama alikata roho asubuhi, wakati wa kubadilisha zamu, korido imejaa watu wanaosalimiana.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshauona ule waya getini.

"Njia yako hiyo," alisema. Hakupandisha sauti. "Uliidai mpaka ukaipata."

Walimzika mama pamoja, wakapokea wageni pamoja, na baada ya hapo kaka akampa kisogo. Dobi akipiga simu anapokea mke wake, anasema yuko kazini.

Dobi aliiacha njia ya mabehewa. Hakumweleza mtu. Alfajiri akitoka alishika barabara ya malori, kwenye majani, kama zamani, na jioni akarudi hapo hapo. Msichana wa kukunja naye shuka alimuuliza mbona viatu vyake vina tope, akajibu kwamba ni mvua. Hakuwa anatafuta kifo. Alihisi tu kwamba hastahili kupita palipo salama.

Ilikuwa hivyo mpaka kiangazi. Siku moja fundi wa pancha alikuwa amekaa kwenye pikipiki ya mteja aliyempa lifti, wakampita Dobi amejibana penye kona ile ile, lori linamfuta sketi. Alimwomba mwenye pikipiki asimame, akashuka, akarudi kwa miguu.

"Shemeji," alisema, "unafanya nini hapa?"

"Naenda nyumbani."

"Mke wangu alifia hapa. Mimi na wewe tumekaa kwenye benchi la diwani miaka, ili mtu mwingine asifie hapa. Sasa unataka nikakae tena peke yangu?"

Dobi aliangalia mikono yake. "Kama njia ile isingekuwepo, mama angekuwa hai."

"Angekuwa hai getini anatikisa bati," shemeji akasema. Kisha akaona amesema kwa ukali, akashusha sauti. "Si wewe uliyemwacha. Sisi sote tulimpita. Mimi nilimpita. Nilikuwa na tairi mkononi, mvua inaanza, nikamwambia behewa limepita, bibi. Kaka yako alikuwa mbele yangu."

"Kaka yangu?"

"Alikuwa anashuka na baiskeli, mtungi wa gesi nyuma. Alisimama. Bibi akamsalimia, hujambo baba, kama anavyosalimia mgeni. Nilidhani watarudi pamoja. Nilipogeuka, kila mmoja alikuwa ameshika njia yake. Sikujua kama hukuambiwa."

Lori jingine lilipita, vumbi likawafunika. Shemeji alimshika kiwiko, wakavuka barabara, wakakata kichakani mpaka kwenye tuta, wakashuka nalo mpaka mji wa chini. Toka siku hiyo alirudi kupita huko.

Kaka alikuja mwenyewe, miezi ilipokuwa imepita. Alisema amekuja kuchukua kitanda cha mama, mtoto wake mmoja analala chini. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Walikifungua kitanda pamoja, yeye akishika spana na dada yake akishika mbao zisianguke. Aliona jokofu la Dobi linavuja, akalivuta kutoka ukutani bila kuulizwa, akapiga magoti nyuma yake.

"Ungeacha lile kufuli," alisema akiwa kule nyuma, uso hauonekani.

Dobi alisimama na kikombe cha chai mkononi. Neno la siku ile kaka alipokutana na mama njiani lilikuwa tayari ulimini, na alikuwa amelibeba muda wote akingoja siku atakapolisema. Aliutazama mgongo wa kaka yake. Alifikiri: huyu akiacha kunilaumu mimi, itabidi abaki na nani.

"Ni kweli," akasema. "Ningeliacha."

Sauti ya spana ilikoma, kisha ikaanza tena. Alipomaliza alifuta mikono, akanywa chai yake imeshika utando, akamwonya asilizime jokofu mpaka asubuhi. Dobi alimsaidia kuzifunga mbao kwenye baiskeli. Kaka akaisukuma mpaka nje ya geti, akasita, akiangalia barabara upande huu na kichochoro upande ule, kisha akashika barabara, akiwa amejibana pembeni kabisa na mzigo wake mpana, na Dobi akabaki getini akisikiliza malori mpaka alipokadiria kwamba atakuwa ameshafika.